Jinsi Baba Alivyokuwa Akiegesha Gari

Baba yangu aliendesha magari ya serikali mpaka alipostaafu, na alipostaafu akanunua gari dogo kuukuu la gia za mkono, rangi ya bluu iliyopauka, akalileta nyumbani Kisarawe. Nyumba yetu iko ubavuni mwa kilima. Ukitoka barabarani unapanda kidogo, unaingia kwenye uwanja wa mchanga mwekundu mbele ya baraza, na uwanja wenyewe una mteremko. Upande wa chini kuna minazi, kisha shamba la mihogo la jirani. Hapakuwa na mahali pengine pa kuliweka gari. Kila aliporudi ilibidi alisimamishe hapo, pua juu, nyuma chini kwenye minazi.

Alikuwa na utaratibu wake, na hakuwahi kuuharakisha hata siku mvua inaponyesha na sisi tumejazana kwenye kiti cha nyuma tunataka kushuka. Mguu mmoja kwenye breki, mwingine kwenye klachi. Anavuta hendibreki mpaka ikatae. Anazima. Anaingiza gia namba moja, kwa sababu gari limeelekea mlimani. Lingekuwa limeelekea bondeni angeweka rivasi. Anakata usukani kidogo, ili hata likiponyoka liende kugonga tuta la mchanga na si kushuka moja kwa moja. Anaachia klachi. Kisha, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga na hataki aamke, anaachia breki ya mguu na kusikiliza. Gari linatikisika kidogo, linakaa. Hapo ndipo anaposema, "Haya, shukeni."

Na wakati huo mama alikuwa ameshateremka barazani na jiwe lake. Lilikuwa jiwe la kawaida, jeusi, la ukubwa wa nazi, bapa upande mmoja. Alilisukumiza nyuma ya tairi kwa mguu, akalikandamiza, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Huniamini, bibi wee?" baba alikuwa akimwambia.

"Wewe nakuamini. Hilo lako la chuma ndilo nisiloliamini."

Walisema hivyo karibu kila siku, na kila siku walicheka kidogo, kama watu wanaosalimiana.

Nilipopangiwa kufundisha shule ya msingi kule Mbwawa nikapanga vyumba Sofu, huko Kibaha, baba akaamua nijifunze kuendesha. Nilikuwa mwanamke mtu mzima, mwalimu, nimezoea kusimama mbele ya watoto, lakini nilipokaa nyuma ya usukani sikujua hata mguu upi ni wa breki. Nilidhani atanipeleka barabarani. Wiki za mwanzo hakunipeleka popote. Tulishinda uwanjani, napanda mpaka karibu na baraza, nasimamisha, nazima, naachia. Kisha narudi chini, napanda tena.

"Wanakwambia kuendesha ni kwenda," alisema. "Kwenda kila mtu anakwenda. Gari lenyewe linataka kwenda. Kazi ni kulisimamisha, ukaligeuzia mgongo, ukaingia ndani kunywa chai yako, na ukitoka ukalikuta palepale."

Siku moja nilivuta hendibreki nikasahau gia. Gari halikwenda popote, nikafikiri nimefaulu. Baba hakugomba. Alinyoosha mkono akanigusa bega.

"Hendibreki ni waya," alisema. "Waya unachoka. Gia inashika injini, na injini inashika magurudumu. Mmoja akichoka, mwenzake yupo."

Mama alikuwa barazani anachambua mchele. "Na wote wawili wakichoka," alisema bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, "nipo mimi na jiwe langu."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Ndivyo nilivyojifunza. Nilipopata leseni na kununua la kwangu, nalo la gia, sikuwahi kuliacha hata mbele ya duka la Sofu, pakavu na sawa kama meza, bila kufanya yote aliyonifundisha.

Kusahau kulianza kwa mambo madogo tuliyoyachekea. Alimwita kaka yangu kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani. Aliuliza kama amekula wakati bado ananawa mikono. Kisha ikaja siku aliyosema anakuja kunitembelea Sofu. Alipita njia ya Kiluvya aliyoipita maisha yake yote, na alitoka nyumbani asubuhi. Alifika kwangu alasiri, midomo imemkauka.

"Barabara wameibadilisha," alisema.

Hakuna aliyekuwa ameibadilisha. Baadaye nikajua kwamba alipitiliza Kibaha, akaenda mpaka Mlandizi na kupita, akawa anasimamisha watu wa bodaboda kuwauliza Kibaha iko wapi. Nikamkaribisha ndani, nikamwekea chai. Tukiwa tunazungumza nikasikia mngurumo nje. Gari lake lilikuwa linaunguruma mlangoni, mlango wa dereva wazi, ufunguo umening'inia. Nilitoka nikalizima. Nilisimama pale na ule ufunguo mkononi na sikuweza kurudi ndani mara moja, kwa sababu nilijua kwamba nikirudi ndani nitakuwa nimekwisha kukubali kitu.

Tulimpeleka hospitali Tumbi, mimi na mama. Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi, mpole. Alimwuliza baba leo ni siku gani. Baba akamtazama kwa huruma.

"Kwani nyie hapa hamna kalenda, mwanangu?"

Sote tulicheka, hata daktari. Kisha akampa kalamu amchoree uso wa saa. Baba alichora duara zuri, akaandika namba zote upande mmoja, zimerundikana kama mbuzi waliokimbia mvua, akaukabidhi mchoro wake kwa heshima. Mama aliacha kucheka. Daktari alitueleza nje, kwenye benchi: ni ugonjwa wa kusahau, hauponi, utaendelea, hatujui kwa kasi gani. Na gari, alisema, itabidi aliache.

Njiani kurudi niliendesha mimi, baba amelala kiti cha mbele. Mama alikuwa nyuma. Tulipoanza kupanda vilima vya Kisarawe akaniinamia begani.

"Tutamwachisha," alinong'ona. "Lakini tusimwachishe kwa siku moja. Ukimnyang'anya gari leo, kesho hataamka. Mimi namjua."

"Daktari amesema, mama."

"Daktari amesema kweli. Na mimi nasema kweli. Ataendesha kwenda sokoni na msikitini tu, na mimi nitakaa pembeni yake. Tutapunguza, tutapunguza, mpaka asahau kwamba alikuwa na gari."

Mama hakuwahi kushika usukani maishani mwake, lakini alikuwa amekaa pembeni ya dereva yule tangu wakiwa vijana. Alijua kila hatua kwa masikio. Akawa yeye ndiye kumbukumbu yake. Niliwaona nilipokwenda kuwasalimia mwisho wa juma: gari linaingia uwanjani polepole, linapanda, linasimama. Na kabla injini haijazimwa, sauti ya mama:

"Hendibreki?"

"Tayari."

"Umezima?"

"Tayari."

"Gia?"

"Namba moja. Tayari."

"Haya. Nangoja."

Ndipo baba anaachia breki ya mguu, na mama anashuka kwenda kuchukua jiwe. Hakukuwa na aibu ndani yake. Waliufanya kama mchezo wao wawili, na baba alijibu kwa sauti ya kijeshi ili kumchekesha. Miezi ilipita hivyo. Nilianza kufikiri kwamba mama alikuwa amempatia dawa ambayo hospitali haikuwa nayo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa Sofu nimeloweka nguo. Simu iliita, nikaona ni jirani yetu wa Kisarawe, yule mama mwenye shamba la mihogo, na nikashangaa kwa sababu hana kawaida ya kunipigia.

"Mwanangu," alisema. "Njoo. Njoo sasa hivi, usiulize."

Yaliyotokea nilielezwa naye, kwa sababu alikuwa shambani kwake, ng'ambo ya ua, na aliona na kusikia kila kitu. Walirudi kutoka sokoni. Gari likapanda, likasimama mahali pake. Alimsikia mama akiuliza, na baba akijibu. Hendibreki, tayari. Umezima, tayari. Gia, tayari. Sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku, ya kijeshi, ya utani. Mguu wake ulikuwa bado umekanyaga breki, ndiyo maana gari lilikuwa limetulia. Mama alikuwa na kapu la samaki na mboga. Labda alitaka kuliingiza ndani upesi samaki wasiharibike kwa jua, kwa sababu siku hiyo hakungoja aachie breki ndipo ashuke. Alishuka, akaweka kapu chini, akalifuata jiwe, akainama nyuma ya tairi.

Na baba akainua mguu.

Hendibreki ilikuwa haijavutwa. Gia ilikuwa fri, hakuna iliyoshika. Alikuwa amesema maneno yote na mikono yake haikufanya lolote.

Jirani aliruka ua. Watu walitoka kila upande, waliliinua gari kwa mikono lilipokuwa limegandamia mnazi, wakamtoa mama. Baba alikuwa bado ndani, ameshika usukani. Alipoona watu wengi aliteremsha kioo akauliza kuna nini.

Nilimkuta mama hospitali, akiwa hai, akili yake timamu kabisa. Nimewahi kutamani asingekuwa timamu. Kifua chake kilikuwa kimeumia na alikuwa akivuta pumzi fupifupi, kama mtu anayepanda ngazi. Macho yalinitafuta nilipoingia.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Yuko nje, mama. Amekaa na jirani."

"Amekula?"

"Mama, usizungumze."

"Hajala tangu asubuhi. Mwambie jirani ampe chochote." Alipumzika. Kisha akanishika kidole kimoja tu, kwa sababu mkono wake haukuweza kufunguka wote. "Nisikilize. Asijue."

Nikaelewa lakini nikajifanya sijaelewa. "Asijue nini?"

"Mwambie nilianguka. Akikuuliza, mimi nilianguka. Usimwambie gari. Wewe hujui alivyo kuhusu gari." Akavuta pumzi zake fupi. "Niahidi."

Nikaahidi. Nilitamani kumwambia mambo mengine mengi, lakini yeye alikuwa na lake hilo moja tu, na alipolipata jibu alifumba macho kama mtu aliyekwisha kufunga mlango wa nyumba na kuhakiki kitasa. Alifariki kesho yake, mchana, wakati adhana ya adhuhuri inasikika kutoka nje. Kaka yangu alikuwa bado yuko njiani kutoka Dodoma.

Polisi walikuja uwanjani, wakapima, wakaandika, wakamwuliza baba maswali. Baba aliwakaribisha viti. Mkubwa wao alikuwa mtu mzima, mwenye mvi. Alimsikiliza baba akimsimulia safari za zamani za Mtwara, akafunga faili lake akaniita pembeni.

"Mama," aliniambia kwa sauti ya chini, "huyu tutamfanya nini? Mwangalieni tu."

Msibani baba alikaa mkekani na wanaume, akapokea mikono ya watu. "Poleni sana, mzee," walimwambia. "Tumeshapoa," alijibu, vizuri kabisa, kama inavyopasa. Alikwenda makaburini, akatupa mchanga wake. Na tuliporudi, watu wakiwa wanakula, alinijia mlangoni mwa jikoni akanishika mkono.

"Huu msiba wa nani? Na mama yako mbona simwoni? Wageni wote hawa, yeye yuko wapi?"

Nilimchukua nikaishi naye Sofu. Nilimwandalia chumba kinachopata upepo, nikampata mama mmoja wa jirani wa kukaa naye nikiwa shuleni. Na kila siku aliuliza. Alikuwa akiuliza mara nyingi zaidi jioni, nikirudi, kwa sababu nadhani mlango ukifunguliwa alimtarajia yeye.

Mwanzoni sikujua kudanganya. Nilimwambia kweli, nusu yake. "Baba, mama amefariki."

Na kila mara ilikuwa mara ya kwanza. Aliweka mkono kinywani. "Innalillahi wa inna ilayhi raji'un," alisema, na machozi yalimtoka papo hapo, machozi mapya ya habari mpya. Kisha, akishapangusa uso:

"Alikufa na nini?"

"Alianguka, baba."

"Alianguka wapi?"

"Nyumbani. Kisarawe."

Akafikiri. Na hapo ndipo lilipokuja swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo, na ambalo aliliuliza kila mara, kwa maneno yaleyale.

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa naye, baba. Ulikuwa karibu naye."

Uso wake ulilegea. "Alhamdulillahi," alisema. "Basi hakuwa peke yake."

Sijui niliisikia Alhamdulillahi hiyo mara ngapi. Niliisikia nikiwa nasahihisha madaftari ya watoto, niliisikia nikiwa napika. Nilikuwa nikienda bafuni nafungua bomba ili maji yafunike sauti yangu.

Gari lake lilibaki Kisarawe, chini ya turubai. Langu nililihitaji, kwa kumpeleka kliniki Tumbi na kwa kazi ya Mbwawa, lakini kitu kilikuwa kimeharibika ndani yangu. Kuendesha nilikuwa naendesha. Kuegesha ndiko kulikonishinda. Siku moja tulifika hospitalini, nikaingiza gari kati ya magari mawili, nikavuta hendibreki, nikazima, nikaweka gia. Na mguu wangu ukakataa kuinuka kwenye breki. Nilitazama ile hendibreki: imevutwa. Niliigusa gia: imeshika. Uwanja ule hauna hata mteremko wa kubiringisha chungwa. Nilikaa palepale nimekanyaga, wagonjwa wanapita nyuma ya gari langu, mtu na fimbo yake, mama na mtoto mgongoni, na kila aliyepita nyuma yangu nilimwona amelala chini. Gari lililotaka kupita lilinipigia honi. Nikaanza kulia.

Baba alinitazama. Akatazama hendibreki, akaijaribu kwa vidole viwili. Akanyoosha mkono akaitikisa gia.

"Umevuta," alisema. "Umeweka gia. Umezima. Umefanya vizuri sana, mwanangu. Sasa achia."

"Siwezi, baba."

"Achia polepole. Sikiliza. Likitaka kwenda litakwambia."

Niliachia. Gari likatikisika kidogo, likakaa.

"Nani alikufundisha?" aliuliza, amefurahi.

"Wewe."

"Mimi?" Akatikisa kichwa, hakuamini. "Aliyekufundisha alikuwa dereva."

Nilimshusha tukaenda kliniki tukiwa tumeshikana mikono. Sikumweleza mtu. Ilikuwa inaniuma kwa namna ambayo sikuwa na neno lake, kwamba yote yalikuwa bado yamo ndani yake, yamekamilika, na siku ile moja tu hayakushuka mpaka mikononi.

Kaka yangu hakuja kumwona kwa muda mrefu. Alipiga simu, akaniuliza mimi habari za baba, akatuma mahitaji, lakini nikisema "ngoja nikupe uzungumze naye," alikuwa na kikao. Nilimwelewa, kwa sababu yeye hakufika kumwona mama akiwa hai. Mimi nilikuwa na kile kidole kimoja alichonishika. Yeye alikuwa na safari ya basi ya siku nzima iliyoishia kwenye sanda.

Alikuja mwisho wa mwaka, shule zimefungwa. Alimwamkia baba bila kumtazama machoni. Tukala chakula cha mchana. Na baba, akishanawa, akageuka akatazama mlangoni.

"Mama yenu amechelewa," alisema. "Mmemwekea chakula chake?"

Nilifungua kinywa kujibu. Kaka akanitangulia.

"Amekufa."

"Kaka," nilisema.

"Amekufa, baba. Na hakuanguka. Gari lako lilimkanyaga. Ulisema umevuta hendibreki na hukuvuta. Ulisema umeweka gia na hukuweka. Yeye alikuwa nyuma anaweka jiwe." Sauti yake ilikuwa inapanda na kukatika. "Wewe ndiye uliyekuwa ndani."

Nilifikiri hataelewa. Nilimwomba Mungu asielewe. Lakini alikuwa kwenye moja ya nyakati zake za mwanga, ambazo zilikuwa zimebaki chache. Alimtazama mwanawe, kisha akanitazama mimi, na akaona usoni mwangu kwamba ni kweli.

"Gia ilikuwaje?" aliuliza.

Kaka aliisukuma sahani yake mbele.

"Nauliza gia ilikuwaje."

"Fri," alisema kaka.

"Na magurudumu yalikatwa?"

"Hapana."

Baba aliikunjua mikono yake juu ya meza akaitazama, upande huu na upande ule, kama inayomilikiwa na mtu mwingine aliyeisahau pale. Hakulia. Aliinuka, akaenda chumbani kwake, na tulisikia kabati likifunguliwa. Alipotoka alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa na kofia, viatu vya kufunga kamba, kamba hazijafungwa. Akaenda kukaa kwenye kiti cha barazani, mgongo wima, mikono magotini.

"Unakwenda wapi, baba?" nilimwuliza.

"Nawangoja polisi. Mtu akiua hakimbii. Wapigieni simu waje wanichukue."

Nilipiga magoti kumfunga kamba za viatu kwa sababu sikujua cha kufanya. "Polisi walishakuja, baba. Walisema hukukusudia."

"Sikukusudia," alikubali. "Lakini mimi ndiye dereva."

Alikaa pale mchana wote. Kila gari lilipopita kwenye barabara ya vumbi mbele ya nyumba alijiweka sawa, akajiandaa kusimama. Hakutaka maji. Kaka alikuwa ndani amekaa sakafuni kati ya kitanda na ukuta. Nilimwona kupitia mlango, amejiziba uso kwa mito. Sikumwendea. Nilikuwa na hasira naye na nilikuwa namwonea huruma.

Jua lilipoanza kushuka baba alinigeukia. Uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa laini, umepotea. Alijitazama kanzu, akaitazama kofia aliyokuwa ameivua na kuishika mkononi.

"Mbona nimevaa hivi?" aliuliza. "Tunakwenda wapi?"

Nyuma yangu nilisikia miguu ya kaka. Alikuwa ametoka, macho yamevimba, akasimama mlangoni. Alimtazama baba kwa muda, na baba akamtabasamia, tabasamu la mtu anayemwona mwanawe aliyetoka safari ya mbali.

"Ee, umekuja!" alisema. "Umefika saa ngapi?"

Kaka alishuka ngazi za baraza. Alimshika baba chini ya kwapa akamwinua, akamweka kofia vizuri kichwani.

"Nimefika sasa hivi, baba," alisema. "Tunakwenda msikitini. Magharibi imekaribia. Twende, nikushike."

Waliondoka wawili kwa miguu, polepole, kaka akiwa amepunguza hatua zake ndefu zilingane na za mzee. Hajawahi tena kupitisha mwezi bila kuja. Yeye ndiye aliyeliuza lile gari la bluu, aliliuza kwa fundi wa mbali ambaye hatutakutana naye, na hakuniuliza, nami sikumlaumu. Tangu siku ile, baba akiuliza mama yuko wapi, kaka hujibu mbele yangu, "Ametoka, atarudi," kwa sauti ambayo mtu asiyetujua angeiamini.

Kisha baba akaacha kuuliza. Sikuligundua hilo siku lilipotokea. Niligundua kwamba nimerudi kutoka Mbwawa, nimepika, tumekula, na jina la mama halikutajwa. Kesho yake hivyohivyo. Mimi niliyekuwa nafungua bomba ili nisisikike nikilia kwa sababu ya lile swali, nilianza kungojea aliulize. Niliweka kanga ya mama kwenye kiti karibu yake. Akaitumia kujifutia mikono. Nilimwuliza mimi, "Baba, unamkumbuka mama?" Akasema, kwa adabu, "Mama wa nani?"

Sasa hata mimi amenipoteza. Asubuhi hizi nikimpelekea uji ananitazama nikiingia, anaona mtu mzima, mwenye miwani, aliyejifunga kitambaa kichwani, na anajiweka sawa kitandani kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, mama," ananiambia.

Mara ya kwanza niliganda na bakuli mkononi. Baba mzazi haniamkii mimi. Nilimwambia haraka, "Hapana, shikamoo wewe, baba," naye akachanganyikiwa, akarudia kwa sauti ya chini zaidi, akiogopa kwamba amekosea, "Shikamoo." Siku iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata. Alikuwa anangoja jibu lake na hapewi, na alikuwa anaona haya.

Basi siku moja nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikalishusha bakuli, nikamjibu.

"Marahaba," nilisema. "Umelala salama?"

Alifurahi sana. Alisema amelala salama, akaupokea uji kwa mikono yote miwili.